Sikio Linahukumu Likiwa Wapi? Usikilizaji wa Albamu za Kigeni na za Majaribio na Deni la Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kusoma. Hata unaposhughulikia utungo uliokusudiwa kuimbwa, aghalabu huanza kwa kuunakili, ukaupanga katika beti, ukahesabu mizani yake, kisha ukauzungumzia kana kwamba ulizaliwa karatasini. Ulaya na Marekani, kwa upande mwingine, kumestawi uhakiki wa santuri na albamu ambao kazi yake ni kusikiliza na kutoa hukumu: albamu hii ni bora, ile ni hafifu, hii inafungua njia, ile inarudia yaliyokwisha kufanywa. Uhakiki huo hupendelea albamu zisizojulikana na wengi, zile ziitwazo za majaribio, na zile zilizotoka nchi za mbali. Mara nyingi mhakiki wake haielewi lugha inayoimbwa. Hivyo basi, uhakiki wa kwanza una maneno yaliyopoteza sauti, na wa pili una sauti iliyopoteza maneno.

Makala haya yananuia kuzikutanisha tabia hizo mbili. Hoja kuu ni kwamba sifa kama vile ‘ngeni’, ‘adimu’ na ‘ya majaribio’ hazimo ndani ya albamu yenyewe, bali zimo katika umbali uliopo kati ya albamu na sikio linaloipokea. Hukumu ya sikio ni halali, na hapana uhakiki wa sanaa ya sauti bila ya hiyo. Hata hivyo, hukumu hiyo hupata uzito pale tu msikilizaji anapobainisha anasikiliza akiwa wapi na kwa lugha gani. Hoja hii itajengwa kwa kuzipima albamu chache, kisha itarejeshwa kwenye taarab na ushairi wa Kiswahili.

Jina Lililokopwa

Mwaka 1981 Brian Eno wa Uingereza na David Byrne wa Marekani walitoa albamu waliyoiita My Life in the Bush of Ghosts. Jina hilo ni la riwaya ya Amos Tutuola wa Nigeria iliyochapishwa London mwaka 1954. Watungaji hao wamekiri kwamba walilichagua jina hilo kabla ya kuisoma riwaya yenyewe. Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuchukizwa na jambo hili, lakini kuchukizwa peke yake hakutoshi. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini jina pekee liliwatosha.

Jibu limo katika historia ya Tutuola. Riwaya yake ya kwanza, The Palm-Wine Drinkard, ilipotoka mwaka 1952, mshairi Dylan Thomas aliisifu gazetini mjini London, na wasomaji wengi wa huko wakaipokea kama kitu kipya kisichokuwa na mfano. Miongoni mwa wasomi wa Afrika Magharibi walikuwapo walioona haya kwa sababu ya Kiingereza chake. Msomaji wa Kiyoruba naye alikuwa amekwisha kupita katika msitu wa aina hiyo ndani ya riwaya ya D. O. Fagunwa ya 1938, na kabla ya hapo katika ngano za jioni. Kazi ilikuwa moja. Waliopokea walikuwa makundi matatu, na kila kundi lilitoa hukumu kutoka mahali lilipokaa. Ugeni ambao London iliusifu haukuwa wa Tutuola peke yake; nusu yake ulikuwa wa London. Ni ugeni huo uliolifanya jina la riwaya litoshe kubandikwa juu ya albamu bila ya riwaya yenyewe.

Fani ya albamu hiyo ni rahisi kuieleza. Mahali pa mwimbaji pamewekwa sauti zilizonaswa redioni na kwenye santuri za watu wengine: wahubiri, watangazaji, waimbaji wa nchi za Kiarabu. Chini yake hupigwa ngoma na ala za umeme. Katika kipande kiitwacho ‘Help Me Somebody’ sauti ni ya mhubiri wa Marekani. Watungaji wanaielewa lugha yake, na kwa hiyo wanayakata mahubiri kwa kufuata maana: mhubiri anapanda, ala zinajibu, anapanda tena. Katika ‘Regiment’ sauti ni ya Dunya Yunis, mwimbaji wa milimani Lebanoni. Hapa maana imetoweka na limebaki hadhi. Kipande hiki kina nguvu kwa sababu madoido ya sauti yake yameachwa yajinyooshe, na ala zinaizunguka bila kuikatakata. Msikilizaji makini atakipenda. Lakini atatambua pia kwamba mhubiri ameshirikishwa katika albamu hiyo kama msemaji, ilhali Dunya Yunis ameshirikishwa kama ala.

Kipande kilicholeta mgogoro zaidi ni kile kilichotumia kisomo cha Kurani cha Waislamu wa Aljeria. Baada ya malalamiko ya Waislamu nchini Uingereza, kipande hicho kiliondolewa katika matoleo yaliyofuata na kingine kikawekwa mahali pake. Wahakiki wengi wamelijadili jambo hili kama suala la heshima ya dini, na ni kweli ni suala la heshima. Hata hivyo, ni suala la sikio vilevile. Lugha ya Kiswahili hutenganisha kusoma, kughani na kuimba. Kurani husomwa, hata kama kisomo kina hadhi inayomtoa mtu machozi. Maulidi nayo husomwa, japo dufu linapigwa. Mswahili anayetumia vitenzi hivi anabainisha makusudio ya sauti kabla ya kuupima uzuri wake. Sikio lililosikia wimbo ndani ya kisomo lilikosea katika kutambua utanzu, na kosa la utanzu ni kosa la kihakiki kabla halijawa la kitu kingine chochote.

Nani Anafanya Majaribio?

Neno ‘majaribio’ lina historia iliyopotoshwa. Vitabu vingi huanza habari za muziki uliotungwa kwa sauti zilizonaswa na Pierre Schaeffer mjini Paris mwaka 1948. Miaka minne kabla ya hapo, yaani 1944, Halim El-Dabh alikuwa ameazima kinasasauti cha waya mjini Kairo, akaenda kwenye ngoma ya zaar ya wanawake, akazinasa sauti zao, kisha akazichuja na kuzirudisha kwa mwangwi hadi pakabaki mvumo usio na maneno. Kipande kinachosikika leo kutokana na kazi hiyo kina takribani dakika mbili. Chanzo chake ni uganga wa pepo, jambo ambalo msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki anayejua kupunga pepo hataliona kuwa la ajabu. Kwake yeye zaar si kitu kigeni kilichotiwa katika mtambo wa kisasa. Mtambo ndio mgeni aliyealikwa katika zaar.

Mfano wa pili unatoka Kinshasa. Kundi la Konono No 1 liliasisiwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960. Kundi hilo hupiga likembe, yaani marimba ya vidole, zilizounganishwa na vikuza sauti vya umeme ambavyo sumaku zake zilitolewa katika vyuma vya magari mabovu. Muziki wake ulinaswa na Mfaransa mmoja mwaka 1978, lakini sifa zilienea duniani ilipotoka albamu ya Congotronics mwaka 2004 kutoka kampuni ya Crammed ya Ubelgiji. Wahakiki wa Ulaya waliusikia mkwaruzo wa vipaza sauti wakaulinganisha na muziki wa umeme wa mijini kwao na roki ya watu wenye ujuvi. Albamu ikawekwa katika rafu ya majaribio.

Sifa hizo zilistahili, ila sababu zilizotolewa hazikuwa zote sahihi. Muziki wa Wazombo ambao Mingiedi aliurithi ulipigwa kwa pembe, na pembe husikika mbali. Likembe ni ala ya karibu, ya mtu na jirani yake. Kuitia umeme kulikuwa njia ya kuurudishia muziki huo ukubwa wake katikati ya kelele za jiji. Mkwaruzo ulitokana na uhaba wa vifaa, ukapokewa, hatimaye ukawa sehemu ya fani. Kilichosikika Ulaya kama uvunjaji wa mapokeo kilikuwa jitihada ya kuyalinda. Mhakiki asiyelijua hili anaweza bado kuipenda Congotronics, na upendo wake ukawa wa kweli. Lakini akisema inavunja, atakuwa amesema habari zake mwenyewe.

Mfano wa tatu u karibu zaidi. Zuhura Swaleh na wenzake wa Mombasa waliizoesha taarab ya Kenya taishokoto, ala ya nyuzi na vibonyezo iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakaitia umeme. Ala hii, ambayo kwao Japani ilikuwa ya kujifunzia na kujiburudisha nyumbani, Mombasa ikageuka kuwa sauti ya arusi. Hapana mwalikwa wa arusi hizo aliyejiona anahudhuria majaribio. Ila kwa kigezo chochote cha haki, kuichukua ala ya Kijapani, ukaifanya iseme mahadhi ya Kiarabu, ya Kihindi na ya chakacha kwa pamoja, ni ubunifu mkubwa kuliko mwingi uliopewa jina hilo. Tofauti ni kwamba ubunifu wa Mombasa ulizoeleka upesi, na kilichozoeleka hakisifiwi kwa ujasiri wake.

Singeli: Mwendo na Maneno

Tatizo la lugha linaonekana bayana zaidi katika singeli ya Dar es Salaam. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na mwaka 2019 zikafuata albamu kama Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Midundo ya singeli hupita 200 kwa dakika. Wasikilizaji wa Ulaya waliupokea muziki huu kwa mshangao wa kasi, na karibu kila tathmini ilianzia hapo.

Msikilizaji wa Kiswahili hana budi kuanzia mahali pengine. Kwanza, vipande vinavyozungushwa nyuma ya mdundo mara nyingi ni vya taarab na mchiriku vilivyokazwa mwendo, kwa hiyo anasikia kumbukumbu anayoitambua ikipita mbio. Pili, kuna maneno. Mtu anayeghani juu ya mwendo huo anakabiliwa na tatizo la kifani ambalo malenga wa zamani hakulijua: Kiswahili ni lugha ya silabi wazi, na mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo unapozidi kasi ya ulimi, ama mkazo unahamishwa, ama silabi zinamezwa, ama mghani anaachia mapigo yapite na kulipata tena baadaye. Hapo ndipo umbuji wa singeli ulipo, na hapo ndipo panapostahili hukumu. Anayesikia kasi tu ameusikia mtihani bila ya kuusikia ufumbuzi.

Hata majina yanasema. ‘Tatizo pesa’ ni kauli ya kila siku isiyohitaji kitenzi. ‘Uingizaji hewa’ ni istilahi ya fundi iliyochukuliwa kwa mzaha na kuwekwa juu ya muziki unaomkatia mchezaji pumzi. Ikiwa majina haya yatabaki kuwa pambo la jalada, ucheshi wake umepotea. Mhakiki wa Kiswahili ana jambo la kuiongezea dunia hapa, na hadi sasa amesema machache.

Kosa la Upande wa Pili

Ingekuwa rahisi kufikia hapa na kuhitimisha kwamba wageni hawasikii na wenyeji husikia. Hitimisho hilo lina kasoro. Mwaka 2020 Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la kisanii la KMRU, mzaliwa wa Nairobi, alitoa albamu ya Peel kupitia kampuni ya Editions Mego ya Vienna. Babu yake, marehemu Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mtungaji mashuhuri wa nyimbo za Kigikuyu zilizojaa methali, mafumbo na siasa. Peel haina nyimbo. Ni tabaka za sauti zinazosogea polepole, nyingine zikiwa zimenaswa katika mazingira, bila ngoma wala kiitikio.

Msomi wa Kenya aliyelelewa katika imani kwamba muziki wa Kiafrika ni ngoma, mwitikio na ujumbe kwa jamii atashawishika kuitupa albamu hii nje ya urithi wake. Akifanya hivyo, atakuwa amerudia kosa lile lile la London kwa njia nyingine: atakuwa ameufanya mpaka wa sikio lake kuwa mpaka wa sanaa. Babu alitaka kusikilizwa maneno. Mjukuu anataka kusikilizwa mahali. Peel ina udhaifu wake. Katika baadhi ya vipande utulivu unageuka kuwa mazoea, na mabadiliko huja baada ya sikio kuchoka kuyasubiri. Katika nyakati zake bora, hata hivyo, inamfundisha msikilizaji kwamba kimya cha mji kina vitu ndani yake. Hukumu hiyo inawezekana tu kwa aliyeisikiliza kwa masharti yake kabla ya kuidai masharti yake mwenyewe.

Deni la Uhakiki wa Kiswahili

Wahakiki wa Kiswahili hawana sababu ya kuliona suala la sikio kuwa geni. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya 1954, aliufanya uimbaji kuwa kipimo cha shairi: kisichoimbika hakikustahili jina hilo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mgogoro wa ushairi uliofuata ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mgogoro wa masikio. Wanamapokeo walisikia upungufu wa vina na mizani. Wanamabadiliko walisikia mwendo wa mazungumzo na wa fikra. Kwa bahati mbaya, mjadala wenyewe uliendeshwa karibu wote kwa kalamu, kwa kuhesabu silabi na kutaja historia. Ni nadra sana mhakiki wa pande zote mbili kueleza shairi fulani lilisikikaje liliposemwa kwa sauti.

Taarab imedhurika zaidi. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kunasa santuri. Santuri ya wakati ule ilibeba takribani dakika tatu kila upande. Wimbo ambao barazani ungeliendelea kwa muda mrefu, ukirudiwa kwa ajili ya watunzaji, ulilazimika kukatwa, kupangwa upya na kufungwa kwa wakati. Hilo ni badiliko la fani lenye uzito sawa na lile la ngano inapogeuzwa kuwa hadithi fupi. Ilhali katika tasnifu nyingi wimbo wa taarab huonekana kama beti tu, na santuri hutajwa, ikitajwa, kama chombo kilichoyabeba maneno. Haielezwi fidla inaingia wapi, mwimbaji anavuta silabi ipi hadi fumbo likafunuka, wala kiitikio kinabadilisha vipi maana ya ubeti uliotangulia.

Kupuuza huku kuna gharama. Mwaka 1987 wawakilishi wa kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja ya London wakaafikiana kulitumia jina la ‘muziki wa dunia’, ili maduka yawe na rafu ya kuuzia albamu zisizo na mahali. Kampuni ya GlobeStyle, iliyoshiriki, ndiyo iliyotoa mfululizo wa albamu za taarab ya Unguja katika miaka hiyo. Baadaye, kuanzia 2005, Buda Musique ya Paris ilitoa mfululizo wa Zanzibara, na ndani yake mkusanyiko wa taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Kazi hizo zimeokoa mengi, na zinastahili shukrani. Lakini aliyechagua wimbo upi uingie na upi uachwe alikuwa tayari ametoa hukumu ya sikio. Mwanafunzi wa Nairobi anayeipata Mombasa kupitia Paris anaupokea uteuzi huo bila kuambiwa ulifanywa kwa vigezo gani, na idara za Kiswahili hazijampa vigezo vya kuupima.

Hitimisho

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya shina moja: kusikia, kusikiliza na kusikilizana. Cha kwanza ni cha sikio tu. Cha pili kinahitaji nia. Cha tatu kinahitaji mtu wa pili, na maana yake ni kupatana. Uhakiki wa albamu wa Ulaya umekuwa hodari katika kusikiliza, ukapungukiwa katika kusikilizana. Uhakiki wa Kiswahili umedai kusikilizana na jamii yake, huku mara nyingi haujasikiliza.

Kutokana na tathmini hii, mhakiki anayeihukumu albamu anapaswa kujibu maswali matatu. Je, sauti iliyomo imepewa nafasi ya msemaji au ya ala, na kwa uamuzi wa nani? Je, kinachoitwa kipya ni kipya kwa waliokifanya au kwa anayekisikia? Je, fani ya albamu yenyewe, yaani urefu wake, mpangilio wake na uteuzi wake, imeubadilisha vipi utungo uliokuwapo kabla ya kunaswa? Maswali haya hayamzuii mhakiki kupenda au kuchukia. Yanamwezesha msomaji wake kujua upendo huo umetoka wapi.

Kwa wanafunzi wa uzamili lipo pendekezo moja la kiutendaji. Mtafiti wa taarab, singeli au utenzi unaoghaniwa asinakili neno lolote kabla ya kuisikiliza santuri au kanda yake mara kadhaa na kuandika kwanza yale yanayosikika: ala, pumzi, marudio, vicheko vya hadhira. Beti zitamngojea. Sauti ndiyo iliyo katika hatari zaidi, kwa kuwa kanda zinaoza na wenye kuzielewa wanazeeka.